Salamu Hazina Upande wa Pili

Redio Ujirani, Doornfontein
Jumatatu, 9 Juni 2025

Shoga yangu Murielle,

Simu yako haipatikani tangu Ijumaa, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi kama watu wa zamani. Barua hii anakuletea Mayasa, yule muuza vitenge wa mlango wa pili na saluni yenu. Ameapa hataifungua, na mimi nimeamua kumwamini kwa kuwa sina mtu mwingine anayekwenda Turffontein kila siku.

Skafu yako ya kijani uliisahau studio. Nimeifua, hii hapa.

Halafu pole. Najua kipindi kilichafuka mwishoni, lakini hakuna aliyekukusudia ubaya. Umenisuka miaka mitatu, siri zangu zote unazo, nitakuuzaje? Kipindi chetu cha Pande Mbili kiko kama jina lake lilivyo. Akija mwenye nyumba, namtafutia mpangaji wa kumjibu. Akija mganga, namtafutia daktari. Hata tulipoongelea pilau, Bwana Shehe alinituma nimtafute mtu asiyeipenda, nikahangaika siku mbili nikampata. Kituo ni chake, mtangazaji ni yeye, na kwake mizani ni kama swala. Mimi natafuta wageni tu. Ulipokubali kuja kueleza maisha ya watu waliobadili jinsia hapa Joburg, ilibidi nitafute wa upande wa pili. Yule bwana wa simu kutoka Midrand sikumfahamu hata kidogo.

Simu za wasikilizaji zilikuwa nyingi mno, mitambo ilizidiwa. Bwana Shehe amefurahi. Amekichagua kipindi chako kirudiwe Jumapili ya mwisho wa mwezi, tarehe 29, mchana, ule wakati ambao watu wa nyumbani wanatusikiliza kwenye simu zao kuanzia Tanga mpaka Kalemie. Na anataka urudi tena Julai. Safari hii nitakutafutia mpinzani mwenye adabu, naahidi.

Washa simu basi, nywele zangu zinatisha.

Wako,
Zubeda


Turffontein
12 Juni 2025

Yaya Zubeda,

Skafu imefika, dada yangu. Asante kwa kuifua.

Simu nimeizima kwa sababu namba yangu ilisambaa. Sijui nani aliitoa. Wengine wanapiga kucheka tu, wengine wanauliza bei. Nimeitoa laini, iko kwenye kopo la vibanio. Mwenye saluni ameniambia nikae nyuma mpaka watu wasahau, kwa hiyo siku hizi sisuki dirishani, naosha vichwa. Jana nilikuwa nachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto, yakanimwagikia mkononi. Niliutazama mkono tu. Mteja ndiye aliyepiga kelele. Silii, kama ulitaka kujua. Sisikii kitu.

Uliniambia nakuja kuzungumza juu ya vyumba vya kupanga. Nilijiandaa. Nilitaka kueleza jinsi mwenye nyumba anavyopokea hela vizuri, anacheka na wewe, halafu anaona kitambulisho na jioni vitu vyako viko kando ya barabara. Sikuulizwa hata swali moja la chumba. Bwana Shehe aliwaambia wasikilizaji wapige simu waseme mimi ni mwanamume au mwanamke, na akawa anahesabu, huku nimekaa mbele yake nimeshika glasi ya maji. Wenye nyumba walipokuja kwenu, kuna siku mliwapigia kura kama wao ni watu? Mimi nilidhani ni mgeni, kumbe ni mada.

Yule wa Midrand hukumjua wewe. Mimi namjua. Firmin ni kaka yangu, tumbo moja. Tulikuja Joburg pamoja, tukakaa chumba kimoja, mpaka siku aliponikuta nimevaa gauni akanitolea begi langu nje. Hatujaonana tangu hapo, miaka sita sasa. Alikuwa kwenye laini akingoja zamu yake mlipocheza zile salamu mlizonirekodi mlangoni. Unakumbuka? Nilimsalimu mama, Maman Séraphine anayeanika ndagala, dagaa wenu nyinyi, karibu na reli kule Kalemie, nikasema mimi ndiye niliyekuwa namsuka asubuhi kabla hajaenda soko. Ndipo Firmin akanijua. Akataja jina langu la utotoni mara mbili, hewani, kisha simu ikakatika. Nyinyi mlidhani ananitukana. Mimi sijui alikuwa anafanya nini. Najua mji mzima umelisikia lile jina.

Naomba kitu kimoja tu. Msikirudie kipindi. Mama anasikiliza redio yenu Jumapili. Yeye anajua nilipotea Johannesburg kama watoto wa watu wengi wanavyopotea, hajui nimekuwa nani. Siku akijua, asijue kwa kicheko cha wasikilizaji.

Murielle


Doornfontein
15 Juni 2025

Murielle mwenzangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti.

Kaka yako! Ngoja nikueleze ilivyotokea. Mwaka jana tulifanya kipindi cha kodi za vyumba, upande mmoja Mtanzania, upande mwingine Mkongomani. Kufikia nusu saa hakuna aliyekuwa anaongelea kodi tena, ni Watanzania na Wakongomani wanatukanana, na nje pale kwenye robot, taa za barabarani, watu walitaka kushikana mashati. Tangu siku hiyo Bwana Shehe aliweka sharti: pande zote mbili zitoke nyumbani kumoja, ugomvi usigeuke wa nchi. Wewe ni wa Kalemie. Kwa hiyo nilimpigia mwenyekiti wa watu wa Kalemie, nikamwambia nataka mtu wa kanisa anayejua kusema. Akanipa Firmin. Nilimwambia mada. Jina lako sikumpa, maana wageni wetu hatuwapi majina ya wenzao, wasije wakapigiana simu kabla.

Nilifuata kila sharti, Murielle. Ndilo linaloniumiza. Sikuruka hata moja.

Leo nimeingia kwa Bwana Shehe, nimemwambia kipindi kisirudiwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, hana ubaya huo wa kumkatiza mtu. Kisha akasema: “Eish, Zubeda. Nikifuta kwa ombi la upande mmoja bila kuuliza wa pili, nimeegemea. Kesho mchungaji ataniambia nifute, keshokutwa mwenye duka. Muulize na yule bwana. Wakikubaliana wote wawili, nafuta.”

Nilimuuliza Bwana Shehe: yule bwana alipoteza nini pale? Hakupigiwa kura yeye. Akanijibu kuwa hisia zangu zinaonekana, na mtu wa mizani haonyeshi hisia. Nilitoka na hasira hadi chai ilinishinda.

Nimemwandikia Firmin. Nikipata jibu nitakutumia kwa Mayasa.

Mkono umepona? Weka asali.

Zubeda


Midrand
18 Juni 2025

Madame Zubeda,

Nimepata ujumbe wako. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu nalinda ghala na kazini haturuhusiwi simu.

Nakubali kipindi kifutwe. Mimi ndiye ninayeomba kifutwe chote, pamoja na salamu, pasibaki hata sauti. Mwambie Bwana Shehe kuwa kwa jambo hili niko pamoja na upande ule.

Ili usinione mtu wa ajabu nakueleza sababu, lakini ibaki kwako. Watu wa nyumbani walianza kuonekana huku na kurudi na habari. Mmoja alikuwa tayari amemwona mdogo wangu na nguo zake za kike, na alikuwa anakwenda Kalemie mwezi uleule. Nilimuwahi. Nilimpigia mama nikamwambia mtoto wako aliugua, amekufa, tumemzika huku huku. Hiyo ni miaka minne iliyopita. Nilifikiri mama ataumia mara moja kubwa na itapita, kuliko kuumia kila siku sokoni watu wakimnyooshea kidole. Walikaa matanga. Padri alisoma misa. Mimi nililia kwenye simu na machozi yalikuwa ya kweli, sielewi mpaka leo yalitoka wapi.

Siku ile kwenye laini nilikuja kusema mambo ya Biblia. Niliyaandika kabisa. Halafu nikasikia ile sauti inamsalimu mama. Jina lilinitoka mdomoni, nikakata.

Mama akisikia, atajua kuwa alimlilia mtu aliye hai, na atajua nani alimdanganya. Nakuomba kama dada, usimwambie mdogo wangu habari za matanga.

Mungu akubariki,
Firmin


Doornfontein
19 Juni 2025

Murielle,

Habari njema. Firmin amekubali. Bwana Shehe anasema pande zote mbili zimeafikiana, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kipindi kianze, na Jumatatu anafuta. Tarehe 29 watarudia kile cha bei ya nyama.

Basi ni hayo tu. Mambo mengine ya kawaida.

Z.


Turffontein
21 Juni 2025

Yaya Zubeda,

Asante. Nilifikiri nitafurahi, ila hakuna kilichokuja. Niliisoma barua, nikaikunja, nikamwosha mteja kichwa. Alisema maji ni baridi, nami sikuwa nimegundua.

Ila nina swali. Firmin namjua toka nizaliwe. Tukiwa watoto hakuwahi kukubali kunipa hata upande wa ukuta kitandani. Kwa nini amekubali upesi hivi? Kama anachukia nilivyo, angetaka watu wasikie mara ya pili. Na barua yako ni fupi. Wewe hukuwahi kuandika fupi, hata ukituma ujumbe wa kuja kusuka unaanza na habari za jirani yako.

Kama kuna kitu kimempata mama, niambie tu. Nimekwisha kufa ganzi, haitaniuma.

Murielle


Doornfontein
23 Juni 2025

Murielle,

Niliombwa ninyamaze, nikanyamaza, na usingizi hauji. Kumficha mtu habari za mama yake kwangu ni haramu, anayetaka kunilaumu na anilaumu.

Mama yako ni mzima. Lakini haamini kuwa umepotea. Anaamini umekufa. Firmin alimpa habari hiyo miaka minne iliyopita, kwamba uliugua ukazikwa huku. Walikaa matanga Kalemie, ikasomwa misa. Ndiyo maana Firmin anataka kufuta. Wewe ulitaka mama asijue umekuwa nani, naye anataka mama asijue kuwa upo. Na mimi nikawaandikia kwamba mmeafikiana.

Nisamehe. Mayasa atangoja hapo mlangoni, kama unataka kujibu.

Zubeda


Turffontein
23 Juni 2025, Mayasa anangoja

Yaya Zubeda,

Irusheni. Chote.

Na jina lile pia. Msilikate. Nalichukia, lakini mama hamjui Murielle. Akisikia Murielle peke yake ataweza kusema ni mtoto wa watu anayefanana sauti. Firmin analitaja lile jina na mimi napumua pale karibu na maikrofoni, napumua kwa nguvu, nakumbuka. Mama atasikia napumua.

Wacheke. Wapige kura mara ya pili kama wanataka. Kila Jumapili mwanamke yule anasikiliza redio ya Johannesburg, na mimi nilikuwa nadhani ananitafuta humo. Kumbe anasikiliza mji uliomzika mtoto wake.

Nauliza maswali ya kijinga. Nani alipika siku ya matanga? Walitumia picha gani? Mkono umeanza kuuma sasa, ule ulioungua. Unauma sana.

Fanya haraka kabla hajafuta.

M.


Doornfontein
26 Juni 2025

Murielle,

Nimechelewa. Jumatatu ileile, Mayasa akiwa bado njiani na barua yako, Bwana Shehe alikuwa amekwisha kufuta. Nilimwambia umebadili mawazo. Akasema upande mmoja hauwezi kubadili peke yake, nimuulize Firmin. Nilimuuliza. Unajua alichosema.

Lakini nisikilize. Zile salamu tulizokurekodi mlangoni zilichezwa kwenye kipindi, lakini nakala yake haikufutwa nacho. Salamu za kila mgeni naziweka kando mimi mwenyewe, kwa sababu Jumapili ya mwisho wa mwezi, asubuhi, huwa nazirusha zote pamoja, wageni wa mwezi mzima, kabla ya nyimbo za dini. Bwana Shehe hazigusi. Firmin alitaka zifutwe nazo, ila mliafikiana juu ya kipindi, na hili si kipindi. Salamu hazina upande wa pili. Tangu nianze kazi hii sijaletewa mtu wa kupinga salamu.

Nimezisikiliza. Hakuna kicheko, hakuna kura, jina lile halimo. Unasema: “Mimi Murielle niko Johannesburg, namsalimu mama yangu, Maman Séraphine anayeanika ndagala karibu na reli. Mimi ndiye niliyekuwa nakusuka asubuhi kabla hujaenda soko, ukiwa umekaa juu ya ndoo. Niko mzima.” Ni fupi. Sijui kama itamtosha kukujua.

Sirushi bila wewe kusema. Mara ya kwanza sikukuuliza vizuri.

Zubeda


Turffontein
27 Juni 2025

Irushe.

M.


Redio Ujirani, Doornfontein
30 Juni 2025

Kwa Bi Zubeda,

Nakuandikia rasmi kwa kuwa jana hatukuweza kusemezana bila sauti kupanda.

Kurusha salamu za mgeni ambaye kipindi chake kimefutwa ni kukiuka roho ya makubaliano. Bwana Firmin amenipigia simu mara kadhaa. Kwa mujibu wa taratibu zetu nimemwahidi nafasi ya kujibu zile salamu Jumapili ijayo, dakika ileile na urefu uleule. Nilipomuuliza atajibu nini, alikata simu. Nafasi yake ipo, akitaka.

Hili ni onyo la kwanza. Pamoja na hayo, naomba unieleze, nje ya kazi, kama yule mama alisikia.

Shehe


Doornfontein
14 Julai 2025

Murielle,

Hii imeingia leo kwenye namba ya kituo, kutoka Kalemie, imepigwa picha kurasa mbili. Nimeichapisha kama ilivyo. Bwana Shehe aliiona kabla yangu. Aliisoma amesimama mlangoni, akanipa, akaenda zake bila kutaja mizani.

Mayasa nimemwambia asiondoke mpaka umalize kusoma.

Zubeda


Kalemie, le 12 Juillet 2025

Kwa watu wa redio ya Johannesburg.

Mimi ni Maman Séraphine. Ninasema, na Sagesse wa jirani anaandika, telefone ni ya kwake.

Nilisikia salamu. Nilimuambia Sagesse arudishe nyuma. Akarudisha, akarudisha, mpaka moto wa telefone ukaisha, tukaenda kuomba moto wa umeme kwa watu wa reli. Sagesse akasema maman, dunia ina watu wengi wenye kusuka. Nikamuambia ndiyo, lakini kuketi juu ya ndoo ni mimi. Kiti kilivunjika, baba yao hakukitengeneza, nikawa naketi kwenye ndoo. Watu walikuwa wanapita wanacheka mutoto wangu, eti kazi gani hii ya kumusuka mama. Mimi niliketi tu, nikamuachia kichwa. Alikuwa na mikono myepesi.

Firmin alipiga telefone. Alilia. Sikumujibu bado. Nitamujibu, ni mutoto wangu pia, lakini angoje kwanza, na mimi nilingoja.

Sasa munisaidie. Nilitaka kumuandikia mutoto, nikakosa nianze namna gani. Lile jina lake la kwanza tulilizika. Padri alilitaja kanisani kwa mara ya mwisho, wote tukajibu, na kwetu jina lililokwisha kuliliwa hauliiti mutu mwenye anapumua, utamuletea mabaya. Siwezi kuliita tena. Kwenye salamu alitaja lingine. Nilimuomba Sagesse aliandike kwa herufi kubwa, nililitundika ukutani, nimeanza kulizoea.

Muniambilie Murielle hivi. Siku ya matanga walininyoa kichwa. Nywele ziliota tena, na mpaka leo sikuruhusu mutu azisuke.

Ni mimi,
Mama yake